Ukimkabidhi Bendera, Mkabidhi na Bima

Ni Watanzania wachache waliopita shuleni bila kusikia habari za John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mkimbiaji huyu kutoka Mbulu aligongana na wenzake waliokuwa wakigombea nafasi, akaanguka, akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji, akainuka, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likishuka, akichechemea, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka. Walioanza mbio walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu vile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Jibu hilo limehubiriwa sana. Linasikika kwenye mahafali, kwenye semina za vijana, hata kwenye homilia za Jumapili tunapozungumzia uvumilivu. Na ni sawa lihubiriwe. Lakini katika kulisimulia tumebaki na ujasiri, goti tumelisahau. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza goti lile lilitibiwa wapi baada ya siku ile, kwa muda gani, na kwa fedha ya nani?

Siulizi ili tumtafute mwenye kosa wa mwaka 1968. Ninauliza kwa sababu hadi leo vijana wetu wanapanda ndege kwenda kukimbia, kupigana ngumi na kucheza mpira katika nchi za watu, na swali la nani atalipa hospitali wakiumia huko mara nyingi huulizwa baada ya mfupa kuvunjika. Hoja yangu katika makala hii ni moja: anayemtuma mwanamichezo ana deni la matibabu yake, na deni hilo lazima liandikwe na kulipiwa kabla ya safari. Likisubiri ajali, linageuka kuwa ombaomba.

Neno kutuma

Akhwari alitumia neno ambalo sisi Wakristo tunalijua vizuri. Alisema alitumwa. Katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, Bwana anawatuma wafuasi 72, wawili wawili, akawaambia kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Sura hiyohiyo, aya chache mbele, inatupatia mfano wa Msamaria mwema. Huwa tunazisoma habari hizi mbili katika Dominika tofauti, na kwa hiyo hatuoni kwamba zimekaa jirani: ya kwanza inahusu mtu anayetumwa safari, ya pili inahusu mtu aliyeumia safarini.

Tumtazame Msamaria kwa jicho la mhasibu. Alifanya mambo matatu. Alitoa huduma ya kwanza kwa mafuta na divai. Alitoa usafiri, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Kisha akalipa: alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi ataifidia akirudi. Yaani alilipa kianzio na akajifanya mdhamini wa salio. Majeruhi hakuombwa kitu, na hata angeombwa asingekuwa nacho, maana wanyang'anyi walikuwa wamemvua nguo na kumwacha nusu mfu.

Na huyu Msamaria hakuwa amemtuma yule mtu Yeriko. Hakuwa shirikisho lake, wala klabu yake, wala serikali yake. Kama asiyemtuma alilipa, aliyemtuma atasemaje?

Bili ina sehemu nne

Sisi wa Kanoni tunajua mpaka ni kitu gani. Ukienda Murongo upande wa Kyerwa, ukavuka mto, uko Kikagati, Uganda. Ndizi ni zilezile, salamu zinafanana, lakini kadi ya bima iliyokupokea hospitali ya huku inageuka kuwa kipande cha plastiki. Kama ni hivyo kwa mwendo wa kuvuka daraja, tufikirie mtu aliyelala kwenye machela huko Las Vegas au Liverpool.

Gharama ya mwanamichezo kuumia ugenini ina sehemu nne, na ni vema tuzitenganishe. Ya kwanza ni dharura: gari la wagonjwa, vipimo, upasuaji, siku za kulazwa. Ya pili ni kurudi nyumbani. Mwenye mguu uliofungwa chuma au uti wa mgongo ulioumia hawezi kukaa kwenye kiti cha kawaida cha ndege, na wakati mwingine anahitaji muuguzi wa kumsindikiza. Wapo pia wanaorudi ndani ya jeneza. Ya tatu ni matibabu ya muda mrefu baada ya kurudi. Kano kuu ya goti ikikatika na kushonwa, mchezaji anahitaji mazoezi tiba kwa miezi sita, tisa, au zaidi. Ya nne ni kipato kinachokatika wakati huo wote, huku ada ya mtoto na chakula cha mama havikatiki.

Tukisikia kwamba mchezaji fulani "amelipiwa matibabu", tuulize amelipiwa sehemu ipi. Mara nyingi ni ya kwanza tu.

Dunia inavyolipa, na inavyokwepa

Kila mchezo una utaratibu wake, na tofauti zake zinafundisha.

Olimpiki ndiyo yenye mpango ulio wazi kuliko yote. Mji mwenyeji unapokubali kuandaa Michezo, unakubali pia kuwatibu bure wanamichezo waliosajiliwa, na ndani ya kijiji chao hujengwa kliniki kubwa. Mkimbiaji kutoka nchi maskini anapimwa kwa mashine ileile anayopimiwa wa nchi tajiri. Hapo ubinadamu unaonekana. Lakini huduma ile inafuata kalenda ya Michezo. Kijiji kinafungwa, kliniki inafungwa, na goti linarudi nyumbani na mwenyewe.

Katika soka, kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema kwamba klabu inayommiliki mchezaji ndiyo inayopaswa kuwa na bima yake ya ugonjwa na ajali kwa kipindi chote anachokuwa na timu ya taifa. Kwa klabu tajiri hilo si tatizo. Mbwana Samatta alipokuwa Genk au Aston Villa, nyuma yake kulikuwa na klabu yenye madaktari wake na makubaliano na hospitali. Lakini mchukue kijana au binti anayechezea klabu inayohangaika na nauli ya mechi za ugenini, kisha aitwe timu ya taifa. Taifa ndilo lililomwita, taifa ndilo litakaloimbiwa wimbo, ila mzigo wa bima uko mgongoni mwa asiye nacho.

FIFA wana pia mpango wa kulinda klabu, ulioanza mwaka 2012. Mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa na akakaa nje zaidi ya siku 28, FIFA humlipia klabu mshahara wake, hadi euro 20,548 kwa siku na hadi euro milioni 7.5 kwa jeraha moja. Ni fedha nyingi. Lakini tuusome mpango huo vizuri: unafidia mshahara ambao klabu inaendelea kuulipa, na gharama za matibabu hazimo. Mwajiri analindwa asipate hasara kwa mfanyakazi aliyeumia. Siulaumu mpango huo, kwa sababu bila huo klabu zingewazuia wachezaji wasiende kutumikia nchi zao. Ila unaonyesha macho ya dunia yanatazama wapi kwanza. Mchezaji anahesabiwa kama mali iliyoazimwa, na mwenye mali anafidiwa.

Wanaokimbia mbio za barabarani wana hali ngumu zaidi. Mkimbiaji wa aina hii hana klabu. Ana wakala, anayechukua sehemu ya zawadi zake, na ana mwaliko wa waandaaji wa mbio huko Ulaya au Asia. Akienda nchi za Schengen, ubalozi utamtaka awe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ananunua ile ya bei nafuu, anapata viza, anaondoka na amani. Tatizo ni kwamba bima nyingi za safari zimeandikwa kwa ajili ya watalii, na kwa maandishi madogo zinaondoa majeraha ya mashindano ya kulipwa. Ni karatasi inayofaulu ubalozini na kufeli hospitalini. Nani alipaswa kumsomea maandishi yale madogo? Yule anayechukua asilimia ya jasho lake.

Ngumi zinatupa somo chungu kuliko yote. Robert Wangila wa Kenya alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, dhahabu pekee ambayo Kenya imewahi kuipata katika ngumi. Baadaye akaenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Tarehe 22 Julai 1994, huko Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo, akapelekwa hospitali, na tarehe 24 Julai akafariki, mbali na nyumbani. Miaka miwili baada ya kifo hicho, mwaka 1996, Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa ngumi za kulipwa. Pamoja na mambo mengine, sheria hiyo inamtaka promota awe na bima ya afya ya kila bondia kwa majeraha ya pambano.

Basi tatizo likaisha? Hapana, maana bima inaweza kuwapo na bado ikawa jina tu. Tarehe 2 Novemba 2013, Magomed Abdusalamov, bondia kutoka Urusi, alipigana raundi kumi na Mike Perez katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Alitoka na mkono na pua vimevunjika, kichwa kikimuuma. Alikwenda hospitali kwa teksi. Damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo, na hakurudi tena kuwa mtu mwenye kutembea na kuzungumza kama zamani. Kiwango cha chini cha bima kilichotakiwa na New York wakati ule kilikuwa dola 10,000, fedha isiyotosha kitu kwa upasuaji wa ubongo katika nchi ile. Mwaka 2016 jimbo lilipandisha kiwango hicho hadi dola 50,000, na dola milioni 1 kwa majeraha ya ubongo yanayotishia uhai. Mwaka 2017 lilikubali kuilipa familia yake dola milioni 22 kumaliza kesi. Sheria ilirekebishwa, lakini aliyelipia marekebisho hayo kwa mwili wake alikuwa mgeni, na mke wake na binti zake.

Katika mifano hii yote naona jambo moja. Panapokuwa na mtu aliyeandikwa kwa jina kwamba atalipa, majeruhi anatibiwa. Pasipokuwa naye, kila mmoja anamtazama mwenzake. Kuhani alipita upande wa pili wa barabara, Mlawi naye akapita. Sidhani kwamba walikuwa watu wakatili. Huenda kila mmoja aliamini kwamba jukumu lile ni la mwingine.

Kwetu

Sisi tuna desturi nzuri. Timu ikienda kuiwakilisha nchi, hukabidhiwa bendera ya Taifa. Kiongozi anatoa nasaha, nahodha anapokea, picha zinapigwa. Bendera ile maana yake ni kwamba watu hawa sasa wanakwenda kwa niaba yetu. Hapo ndipo neno kutuma linapotimia hadharani, mbele ya kamera. Pendekezo langu ni kwamba mkono huohuo unaokabidhi bendera ukabidhi na hati ya bima.

Wengine watasema hatuna utamaduni wa kupanga mambo hayo mapema. Tunao. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar hutakiwa kulipia bima ya dola 44. Tumeona kwamba si busara mtu aje kuogelea Nungwi halafu akiumia tuanze kutafutana. Mgeni anayekuja kupumzika tunamdai bima mlangoni. Je, mtoto wetu anayekwenda kupigwa ngumi za kichwa kwa jina la nchi, tunamdai nani bima yake mlangoni?

Mfano wa pili. Februari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao ambalo Simba na Yanga wangefunga katika mashindano ya CAF, na "Goli la Mama" likawa gumzo la nchi nzima. Ni jambo jema, liliwapa wachezaji moyo. Linatufundisha pia kwamba tunaweza kabisa kutenga fedha kwa ajili ya jambo ambalo halijatokea. Bao lilipangiwa bei kabla halijafungwa. Goti nalo lipangiwe kabla halijavunjika.

Mfano wa tatu ni wa faraja. Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia huko Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, ni askari wa JWTZ. Baadhi ya wakimbiaji wetu bora wamepitia jeshini, na moja ya faida zake ni hii tunayoizungumzia: askari ana mwajiri, ana mshahara unaoingia hata mguu ukiuma, ana hospitali za jeshi. Kwa hiyo hatuhitaji kubuni dawa mpya. Tunajua kwamba mwanamichezo mwenye mwajiri anayemtambua hatupwi. Ila hatuwezi kuwapeleka wote jeshini. Lazima na wengine wapate wa kuwatambua.

Kanisa linasemaje

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitoa fundisho ambalo naona limekaa kama limeandikwa kwa ajili ya jambo hili. Alitofautisha mwajiri wa moja kwa moja na mwajiri asiye wa moja kwa moja. Wa kwanza ni yule uliyetia naye saini. Wa pili ni watu na taasisi zote zinazoamua mazingira ya kazi yako, ikiwa ni pamoja na dola yenyewe, hata kama hamjawahi kuonana. Huyu wa pili naye ana wajibu. Katika waraka huohuo Papa anafundisha kwamba matibabu, hasa kwa aliyeumia kazini, yanapaswa kuwa rahisi kuyafikia, ya gharama ndogo, na inapowezekana ya bure.

Sasa tumtazame bondia au mkimbiaji wetu. Nani mwajiri wake? Ukimuuliza wakala, atasema yeye ni mpatanishi tu. Promota atasema alinunua pambano moja. Shirikisho litasema lilitoa kibali. Serikali itasema ni mchezaji binafsi. Mdhamini atasema alilipia tangazo. Kila mmoja ana karatasi ya kuthibitisha kwamba si yeye. Lakini siku ya ushindi wote wamo kwenye picha. Hapo fundisho la Papa linakata mzizi wa fitina: kama una sehemu katika matunda ya kazi, una sehemu katika majeraha yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati juu ya utume wa walei ya mwaka 1965, unatuonya tusimpe mtu kama sadaka kitu ambacho tayari ni haki yake. Onyo hilo linatugusa, kwa sababu sisi ni mabingwa wa michango. Mwanamichezo akiumia, namba ya simu inasambazwa, watu wanatuma elfu mbili, elfu tano. Mwenye jina kubwa anapata, kwa sababu watangazaji wanamjua. Binti wa mpira wa wavu ambaye jina lake halijulikani anapata "pole sana dada". Haki haipimwi kwa wingi wa mashabiki.

Hoja za wanaopinga

Nimewasikia wenzangu wakileta hoja tatu, na zinastahili majibu.

Ya kwanza: aliyataka mwenyewe, anayeingia ulingoni anajua kuna ngumi. Ni kweli kwamba alikubali hatari. Lakini kukubali hatari ya kuumia ni jambo moja, na kukubali kutelekezwa ukiumia ni jambo jingine. Mchimba madini naye anajua kwamba mwamba unaweza kuanguka, na hatusemi kwamba kwa kujua hivyo ameisamehe kampuni. Ridhaa inahusu kile ulichoelezwa. Hakuna kijana anayetia saini mahali palipoandikwa kwamba akivunjika ataachwa.

Ya pili: nchi ina mahitaji mengi, na mkulima wa kahawa wa hapa Karagwe hana uhakika wa matibabu yake mwenyewe, kwa nini tuwahangaikie mastaa? Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini wengi wa wanamichezo hawa si mastaa. Ni watoto wa mkulima huyohuyo, waliopata viatu vya kukimbilia kabla hawajapata akiba. Pia haki ya mmoja hailiwi na haki ya mwingine, kwa sababu kanuni ni ileile. Katika CHF iliyoboreshwa tulizoea kwamba kaya ya watu hadi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ili siku ya ugonjwa ikikuta nyumba haina kitu, mlango wa zahanati usifungwe. Mantiki ya kuchangia kabla tunaielewa. Tunachoomba ni kwamba wanaotuma watu nje nao waielewe.

Ya tatu: michango ndiyo utamaduni wetu wa Kiafrika, bima ni ya Wazungu. Hapa naomba tuwatazame majirani zetu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Huko wana vyama vinavyoitwa engozi, jina la machela ya kubebea wagonjwa milimani. Kila kaya ni mwanachama, kila mmoja ana zamu na mchango wake. Mgonjwa akizidiwa, vijana wanainua machela bila kuuliza ni tajiri au maskini, maarufu au hajulikani. Walikubaliana kabla. Hiyo ni nini kama si bima? Mababu walijua kwamba huwezi kuanza kusuka machela mgonjwa akiwa anakata roho.

Nini kifanyike

Kwanza, Baraza la Michezo la Taifa lifanye bima kuwa sharti la kibali cha safari. Bima hiyo itaje kwa maandishi kwamba inahusu majeraha ya mashindano, kurudishwa nyumbani, na matibabu baada ya kurudi kwa angalau miezi 12. Pasipo karatasi hiyo, bendera isikabidhiwe.

Pili, pale klabu inaposhindwa kumkatia bima mchezaji aliyeitwa timu ya taifa, shirikisho lililomwita lijazie. Tunao Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, unaopata sehemu ya mapato ya michezo ya kubahatisha. Kama fedha inatoka kwa watu wanaobashiri miguu ya wachezaji, sehemu yake irudi kuitibu miguu hiyo.

Tatu, klabu zenye mikataba na mishahara ziwaandikishe wachezaji wao katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama wafanyakazi wengine. Mchezaji anayelipwa kila mwezi ni mfanyakazi, na uwanja ni mahali pake pa kazi.

Nne, wakala au promota asipewe kibali cha kumpeleka kijana nje mpaka aonyeshe mkataba wenye jina la atakayelipa hospitali na kiwango chake, ukiwa umetafsiriwa kwa Kiswahili, na kijana amesomewa mbele ya shahidi.

Mwaka 2027 sisi, pamoja na Kenya na Uganda, tutakuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Watoto wa mataifa mengine watakuja kuumia kwenye nyasi zetu. Ni nafasi ya kuonyesha kwamba katika nyumba hii ya wageni majeruhi hatanguliziwi bili.

Na sisi parokiani? Wengi wetu hatutasimama kamwe mbele ya Baraza la Michezo. Lakini sisi nasi tunatuma. Kila mwaka vijana wa VIWAWA na TYCS wanapanda gari kwenda tamasha au mashindano ya parokia na parokia. Ukitazama bajeti utakuta nauli, jezi, maji, hata mbuzi wa mshindi. Mstari wa matibabu haupo. Kijana akivunjika mkono huko, mama yake anapigiwa simu aje na hela. Tumemtuma kwa wimbo na baraka, tumempokea kwa bili.

Halmashauri ya walei inaweza kulibadilisha hili katika kikao kimoja. Mstari mmoja uongezwe kwenye bajeti ya kila safari: fedha ya dharura, jina la atakayebaki na majeruhi hospitalini, na uhakika kwamba kila anayepanda gari ana kadi ya bima au parokia imemlipia. Kama fedha ya mstari huo haipatikani, basi fedha ya safari bado haijatimia, na safari isubiri. Tukishindwa hilo kwa watoto kumi na wanane wanaokwenda Kayanga kucheza mpira, hatutakuwa na sauti ya kuidai serikali kwa wale wanaokwenda Tokyo.